Kusafisha Hewa ya Kiwanda kwa Kichocheo

SOMO KWA MAKATIBU NA WANACHAMA WA VYAMA VYA MSINGI

Shabaha ya somo

Somo hili lakusudia kueleza jinsi mivuke yenye madhara inayotoka viwandani inavyoweza kuunguzwa kwa msaada wa kichocheo kabla haijafika kwenye mapafu ya watu. Lakusudia pia kuonyesha mahali ambapo kichocheo hakifai. Akilimaliza, katibu ataweza kumwuliza muuzaji wa mtambo maswali yanayostahili, na mwanachama ataweza kunyoosha mkono mkutanoni akijua anachokipigia kura.

Kwa nini jambo hili ni la ushirika

Tangu miaka ya 1950 vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa vimekuwa vikitafuta namna ya kusindika mazao badala ya kuyauza ghafi. Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililoundwa mwaka 1955, lilimiliki vinu vya kuchambulia pamba, na fikra hiyo haijafa. Mkulima akiuza mbegu hupata kidogo. Akiuza mafuta na mashudu hupata zaidi. Mvuvi naye ni hivyo hivyo kwa samaki wake.

Lakini kusindika huleta moshi, harufu na mivuke, na ardhi ya kujengea viwanda si ile ya zamani. Mfano ni Nyegezi. Mahali palipokuwa nje ya mji sasa ni sehemu ya Jiji la Mwanza. Pana kituo kikubwa cha mabasi, pana vyuo, na nyumba zimepanda hadi juu ya vilima vya mawe. Kiwanda kidogo kikijengwa hapo hakina tena pori la kutupia moshi wake. Mchana upepo wa ziwani huvuma kuelekea nchi kavu na kupeleka mivuke majumbani. Usiku upepo hugeuka na kuipeleka ziwani kwa wavuvi. Kurefusha dohani huihamisha mivuke kutoka kwa jirani mmoja hadi kwa mwingine, wala hakuiondoi.

Mivuke inayozungumzwa ni ipi?

Zipo kemikali zenye kaboni ambazo hugeuka mvuke upesi hata katika joto la kawaida. Petroli ni mfano unaojulikana na wote: ikimwagika sakafuni hukauka, na harufu yake huenea chumba kizima. Nyingine ni thina ya rangi, ambayo aghalabu huwa na tolueni na zileni, vimumunyisho vya gundi na wino, na heksani itumiwayo kutolea mafuta katika mbegu. Moshi wa kuni nao una kemikali nyingi za namna hii, zikiwamo zile ziletazo harufu kali na kuwasha macho.

Madhara yake ni ya aina tatu. Kwanza, humdhuru mfanyakazi. Benzini huleta saratani ya damu. Heksani ikivutwa kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu na mikono, hata mtu akapoteza nguvu za kutembea. Pili, huharibu hewa ya mji. Mivuke hii ikichanganyika na moshi wa magari chini ya jua kali huzaa ozoni karibu na ardhi, hewa inayokereketa mapafu. Tatu, huwaka. Mvuke wa heksani ni mzito kuliko hewa karibu mara tatu; kwa hiyo haupai juu, bali hutambaa sakafuni na kuingia mitaroni. Asilimia 1.1 tu ya mvuke huo katika hewa yatosha kulipuka ikipata cheche.

Hili la tatu si hadithi ya kutishia watoto. Tarehe 13 Februari 1981, katika mji wa Louisville nchini Marekani, heksani iliyovuja kutoka kiwanda cha kusindika soya iliingia katika mabomba ya maji taka, ikapata cheche ya gari lililokuwa likipita. Zaidi ya kilometa 3 za mitaa zilibomoka. Kwa bahati njema hakuna aliyekufa, kwa kuwa ilikuwa alfajiri na watu walikuwa wachache barabarani.

Kichocheo ni nini?

Njia nyepesi ya kufahamika ya kuondoa mivuke ni kuiunguza. Kemikali zenye kaboni zikiungua sawasawa hugeuka hewa ya ukaa na mvuke wa maji. Taabu ni kwamba mivuke iliyomo katika hewa ya kiwandani huwa michache mno kuweza kuwaka yenyewe. Ili kuiunguza kwa moto mtupu, hewa yote hupashwa joto hadi nyuzi 750 za sentigredi au zaidi. Mafuta yanayoteketezwa kwa kazi hiyo ni mengi, na gharama yake chama kidogo hakiwezi kuibeba.

Hapa ndipo kichocheo kinapoingia. Kichocheo ni kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia bila chenyewe kutumika kikaisha. Mfano wake ni mshenga. Mshenga huwakutanisha watu wa pande mbili, shauri hutimia upesi, kisha yeye hurudi kwake kama alivyokuwa na kwenda kuposa kwingine. Vivyo hivyo mvuke na oksijeni hutua juu ya uso wa kichocheo, huungana hapo kwa urahisi, kisha huondoka wakiwa hewa ya ukaa na maji. Uso hubaki wazi kuwapokea wengine. Kwa msaada huo kazi iliyotaka nyuzi 750 hufanyika kwa nyuzi 300 hadi 450.

Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1817 mwanasayansi Mwingereza Humphry Davy aliona kwamba waya wa platini uliotiwa joto huendelea kung'aa ndani ya mchanganyiko wa gesi na hewa ingawa hakuna mwali. Mwaka 1835 Mswidi Berzelius aliipa hali hiyo jina linalotumika hadi leo katika lugha za Ulaya. Kuanzia magari ya mwaka 1975, Marekani ilianza kuvitumia vichocheo kwa wingi katika bomba la moshi la gari. Kwa hiyo mwanachama anayepanda basi dogo lililotoka ng'ambo huenda amekwisha kukaa juu ya kichocheo bila kujua.

Mtambo unavyofanya kazi

Mtambo wa kiwandani una sehemu tano. Ya kwanza ni feni inayovuta hewa chafu kutoka mahali pa kazi. Ya pili ni chujio la kuzuia vumbi na matone ya mafuta. Ya tatu ni mabomba ya kubadilishana joto, ambamo hewa ya moto inayotoka huipasha hewa baridi inayoingia. Ya nne ni kichomeo kidogo cha gesi, mafuta au umeme, cha kukamilisha joto linalotakiwa. Ya tano ni kichocheo chenyewe.

Kichocheo hicho hakiwi bonge la platini. Hutengenezwa pande la udongo maalumu uliochomwa, lenye vitundu vingi vilivyopangana kama sega la nyuki. Vitundu hupakwa unga wa oksidi ya alumini, na juu yake hutiwa chembechembe chache za platini au paladi. Sega lina uso mpana katika nafasi ndogo, na hewa hupita bila kuzuiwa sana. Kwa kazi nyingine hutumika oksidi za manganizi au shaba, ambazo bei yake ni ndogo, ijapokuwa kwa kawaida hutaka joto zaidi. Hewa hupita kwenye sega kwa muda usiofika sekunde moja, na mtambo uliotunzwa huondoa asilimia 95 ya mivuke au zaidi.

Hesabu ya heksani yaonyesha kinachotokea. Kilo 86 za heksani zikiungua hutumia kilo 304 za oksijeni, na huleta kilo 264 za hewa ya ukaa pamoja na kilo 126 za mvuke wa maji. Hakuna kilichopotea: kilo 390 zimeingia, kilo 390 zimetoka. Wanachama waone kwamba kuunguza hakufuti kitu. Kunabadili kitu chenye sumu na hatari ya moto kuwa kitu chenye madhara madogo zaidi. Waone pia kwamba kilo 86 za heksani zilizonunuliwa kwa fedha ya chama zimekwenda na upepo.

Kuungua huko huzaa joto, nalo ni rafiki na adui. Kama mivuke imefika sehemu moja ya kumi ya kiwango cha kulipuka, joto la hewa huongezeka takriban nyuzi 150 ikipita katika sega. Hewa iliyoingia na nyuzi 300 itatoka na 450, na joto hilo likirudishwa kwenye mabomba, mafuta ya kichomeo hupungua. Lakini mivuke ikizidi, joto hupita kiasi, chembe za platini huyeyukiana na kushikamana, na uso wa kazi hupotea daima. Ndiyo maana kanuni ya kawaida ni kutoiacha mivuke ipite robo ya kiwango cha kulipuka.

Adui wa kichocheo

Kichocheo hakiishi kwa kazi yake, lakini chaweza kuuawa. Adui zake ni wanne.

Wa kwanza ni sumu. Risasi, fosforasi, aseniki na silikoni huganda juu ya uso wa kichocheo na kuuziba. Salfa nayo huwadhoofisha wengi wao. Sababu mojawapo ya Marekani kuanza kuuza petroli isiyo na risasi katika miaka ya 1970 ilikuwa hii: risasi iliviua vichocheo vya magari. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli ya risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006.

Wa pili ni lami na vumbi, ambavyo huziba vitundu vya sega. Wa tatu ni joto la kupita kiasi, kama ilivyokwisha kuelezwa. Wa nne ni uzembe: chujio kutosafishwa, kipimajoto kuharibika na kuachwa, mtambo kuwashwa kabla haujapata joto lake.

Mifano ya kazi za Kanda ya Ziwa

(a) Mafuta ya pamba. Chukulia kilo 1,000 za mbegu zenye asilimia 18 ya mafuta, yaani kilo 180. Mashine ya kukamua kwa nguvu ikiacha asilimia 7 ya mafuta katika mashudu, takriban kilo 60 hazitatoka. Njia ya heksani huacha chini ya asilimia 1, yaani kilo 8 hivi. Tofauti hiyo ya zaidi ya kilo 50 kwa kila tani ndiyo inayowavuta watu kuiendea heksani. Hata hivyo njia hiyo hudai kiwanda kilichofungwa barabara, mafundi waliosoma, na mitego ya kuirudisha heksani. Heksani huchemka kwenye nyuzi 69 tu, hivyo hupoozwa kwa maji na kurudi kuwa maji maji, na mabaki hunaswa kwa mafuta maalumu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria ya mwaka 1999 iliweka kiwango cha juu cha upotevu kuwa kilo 1 kwa tani ya mbegu za alizeti. Hapa somo ni wazi: kurudisha ni kwanza, kuunguza ni mwisho. Chama kisicho na uwezo wa kurudisha kibaki na mashine ya kukamua, ambayo haitumii heksani hata tone, na mashudu yenye mafuta kidogo yauzwe kwa wafugaji kwa bei inayostahili.

(b) Unga wa samaki. Mwaka 1976 kulianzishwa Mwanza kiwanda cha unga wa samaki kilichotegemea furu waliovuliwa kwa nyavu za kukokotwa. Katika miaka ya 1980 furu waliadimika huku sangara akienea ziwani. Leo malighafi ni dagaa na mabaki ya sangara, ambayo wenyeji huyaita mapanki. Kupika na kukausha samaki hutoa harufu kali ya amini na ya viambato vya salfa. Kichocheo peke yake hakifai hapa, kwani salfa hukidhoofisha na amini zikiungua zaweza kuzaa hewa nyingine chafu. Dawa ya kwanza ni kusindika samaki wakiwa wabichi kabla hawajaoza. Harufu hupungua sana bila mtambo wowote. Dawa ya pili ni kuiosha hewa kwa maji yaliyotiwa asidi kidogo. Kinachobaki ndicho chaweza kuunguzwa.

(c) Kubanika samaki. Akina mama wa mwaloni hupata moshi mwingi kuliko mfanyakazi wa kiwanda. Vichocheo vya kuunguza moshi wa kuni vipo, na vimetumika katika majiko ya Marekani tangu miaka ya 1980. Huanza kazi kwenye nyuzi 260 hivi. Lakini moshi wa banda lililo wazi umekwisha kupoa na kutawanyika, tena umejaa lami. Kuweka sega la platini hapo ni kumwaga fedha ziwani. Kwanza lijengwe tanuri lililofungwa lenye dohani, na kuni ziwe kavu. Tanuri lililobuniwa Thiaroye, Senegal, kwa ushirikiano na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, hutenganisha kazi ya kukausha na kazi ya kutia moshi. Kwa njia hiyo hupunguza moshi na kemikali za saratani katika samaki.

(d) Useremala na upakaji rangi. Hapa kichocheo chafaa zaidi, kwa kuwa mivuke ya thina ni safi na haina lami. Lakini chafaa tu ikiwa kazi hufanywa kila siku ndani ya chumba kilichofungwa chenye feni na chujio la kunasa matone ya rangi. Karakana inayopaka viti kumi kwa juma haihitaji mtambo. Yahitaji rangi ya maji, makopo yenye vifuniko, na mlango mpana.

Kabla chama hakijanunua

Wahenga walisema rahisi ghali. Lakini kilicho ghali nacho si lazima kiwe bora. Kamati ipate majibu ya maswali haya kwa maandishi:

1. Mivuke inayotoka ni ya kemikali gani, na imepimwa na nani?
2. Je, yaweza kuzuiwa kwa kubadili malighafi, au kurudishwa ikatumika tena?
3. Katika hewa hiyo mna salfa, silikoni, risasi, lami au vumbi?
4. Mtambo hutumia mafuta au umeme kiasi gani kwa siku ambayo mivuke ni michache?
5. Umeme ukikatika, nini huzuia mivuke kujikusanya, na mtambo hupuliziwa hewa safi kwa muda gani kabla ya kuwashwa tena?
6. Sega jipya lagharimu kiasi gani, na muuzaji adhamini miaka mingapi? Aghalabu sega huhesabiwa miaka 2 hadi 5 au zaidi, kutegemea utunzaji, na fedha ya kulibadili hutengwa tangu mwaka wa kwanza.

Kisha chama kizingatie sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yataka athari za miradi ya viwanda zichunguzwe kabla ya ujenzi, na viwango vya ubora wa hewa viliwekwa kwa kanuni za mwaka 2007. Afya ya mfanyakazi yalindwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Ni nafuu kumwita mkaguzi kabla ya msingi kuchimbwa kuliko kumngoja baada ya paa kuezekwa.

Daftari la mtambo

Mtambo ukishanunuliwa, mlinzi wake mkuu ni daftari. Vipimajoto viwili huwekwa, kimoja kabla ya sega na kimoja baada yake. Mhudumu huandika nyuzi zote mbili kila asubuhi na kila alasiri. Chukulia kwamba mtambo mpya huingiza hewa ya nyuzi 320 na kuitoa kwa 420. Tofauti ni 100. Ikiwa baada ya miezi kadhaa, kwa kazi ile ile, tofauti imeshuka hadi 40, sega limechoka au limepata sumu. Mivuke inapita bila kuungua, na chama kinalipia mafuta ya bure. Daftari hilo lisomwe katika kila kikao cha kamati kama lisomwavyo daftari la fedha.

Muhtasari

Kichocheo huunguza mivuke kwa joto dogo, hivyo huokoa mafuta na kusafisha hewa. Hakifanyi kazi penye lami, sumu na uzembe. Mpango wa kufuata ni huu: kuzuia kwanza, kurudisha pili, kuunguza tatu. Chama kinachoanza na la tatu kitalipa mara mbili, kwanza kwa fedha ya wanachama na kisha kwa afya yao.

Maswali ya kujadiliwa katika mkutano wa wanachama

1. Ni kazi gani za chama chetu zitoazo mivuke au harufu, na upepo huipeleka kwa nani mchana na usiku?
2. Kati ya kazi hizo, ipi yaweza kurekebishwa mwezi huu bila kununua kitu?
3. Muuzaji akileta mtambo wenye kichocheo kwa ajili ya mabanda ya kubanikia samaki, wanachama wamjibu nini, na kwa sababu zipi?
4. Nani atakayeandika daftari la mtambo, na nani atakayelikagua?